Wimbo wa Séraphin Kanyinda, Uliofundishwa Kwenye Uzio

Jambo yenu, wasikilizaji wapendwa. Mlio jikoni mkisonga bukari, mlio kazini, mlio kitandani mkiumwa, nawasalimu wote. Ni mimi Dominique, hapa hapa Likasi, na saa hii ni ya kuwakumbuka waliotutoka. Kawaida nikikaa mbele ya maikrofoni najua nitaanzia wapi na nitaishia wapi. Leo sijui. Nawaambia mapema ili msije mkanilaumu. Mtu ninayemsimulia leo amenichanganya kichwa, na nadhani atawachanganya na ninyi.

Tunamkumbuka Séraphin Kanyinda. Narudia jina, kwa wale wanaofungua redio sasa: Séraphin Kanyinda, fundi wa kuchomelea vyuma, mkaaji wa mtaa wa Kikula. Mtunzi wa nyimbo za kanisa. Maestro wa Korali Mwangaza. Amefariki kwa ugonjwa wa kifua, tumemzika, na sasa tumebaki na wimbo wake mmoja ambao hatujui tuufanye nini.

Kama una mlango wa chuma nyumbani na unalia ukiufungua, basi huo si kazi ya Séraphin. Milango yake haikulia. Akipita barabarani akasikia bawaba ya mtu inalia, alikuwa anasimama na kuitaja kama noti. "Ile ni fa," alikuwa anasema, "na ni fa ya mubaya." Halafu anaingia kwa mtu kuitia mafuta bila kuitwa. Wengine walimpenda kwa hilo. Wengine walimfungulia mbwa.

Alizaliwa hapa Likasi. Baba yake alikuja kutoka Kasai kwa kazi ya mgodi, kama akina baba wengi. Séraphin alikuwa kijana wakati watu wa Kasai walipoambiwa waende kwao. Mliokuwepo mnajua, na sitaki kuchokonoa kidonda. Jamaa yake walilala pale gare katikati ya mafurushi, wakingoja treni. Ilikuwa haiji. Watu wakawa wanaimba, maana hakukuwa na kazi nyingine ya kufanya, na hapo ndipo Séraphin alianza kugawa sauti: ninyi chini, ninyi juu, wewe mama nyamaza kidogo.

Mwishowe treni ilikuja. Akafika Kasai ambayo hakuwahi kuiona, na huko wakamwita mtu wa Katanga. Baada ya miaka akarudi, peke yake. Mimi mwenyewe nilimsikia akisema: "Nilitoka kwetu, nikaenda kwetu, nikarudi kwetu. Sasa weye Dominique, muntu wa redio, niambie: kwetu ni wapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka, akaendelea kupiga nyundo.

Akamwoa Bibiane, binti wa hapa hapa. Wakapata watoto. Na akapewa korali.

Wasikilizaji wapendwa, kama maestro, Séraphin alikuwa mkali kuliko pilipili. Kuna harusi moja ambayo watu wa parokia hawataisahau. Bibi harusi ameshaingia, gauni linaburutwa, mama zake wanapiga vigelegele. Sauti ya tenor ikakosea. Séraphin akainua mkono, akasimamisha wimbo, na bibi harusi akasimama na yeye katikati ya kanisa, mguu mmoja mbele. Maestro akawageukia tenor, akawapa noti yao, akawarudisha mwanzo. Bibi harusi ilibidi arudi mlangoni na kuingia upya. Mkumbuke jambo hili: mtu huyu hakuwahi kuacha kosa lipite. Hata mara moja.

Na kitu kingine cha kukumbuka ni namna alivyofundisha. Séraphin hakugawa makaratasi. Kila sauti ina mkubwa wake: mkubwa wa soprano, wa alto, wa tenor, wa basse. Kila mkubwa anaenda kwa maestro peke yake, anafundishwa kwa sikio, halafu anarudi kuwafundisha wenzake wa sauti ile. Soprano hawajui alto wamepewa nini. Siku ya kuchanganya ndipo wimbo unasikika mzima, na maestro yupo hapo kunyoosha kila kitu. Narudia: kila mmoja peke yake, na maestro anakuwepo siku ya kuchanganya.

Sasa ndipo akaugua. Kifua kikuu, ile aina inayokataa dawa za kawaida. Kuhusu alikoupata, kila mtu ana hadithi yake. Jirani mmoja aliniapia kwamba ni vumbi la mgodi wa Shinkolobwe, eti Séraphin alikuwa anaenda kuchimba kwa siri. Mama Bibiane aliposikia hivyo alipiga mikono. "Bwana yangu hakukanyagaka Shinkolobwe hata siku moja! Alikuwa anaogopa mashimo. Hata choo ya kuchimba alikuwa anaogopa." Mwingine akasema ni moshi wa kuchomelea. Daktari alisema ni ugonjwa wa kuambukizwa, basi, na akamtenga.

Akawekwa kwenye jengo la pembeni la hospitali, wanakolazwa wagonjwa wa namna hiyo. Kuna uzio wa waya. Mgeni anasimama upande wa huku, mgonjwa anakaa kwenye kiti upande wa kule, mbali kidogo. Mgeni ni mmoja mmoja, na hakai sana. Mama Bibiane alikuwa anapeleka mboga yake ya sombe, anaiweka chini, anarudi nyuma, ndipo muuguzi anakuja kuichukua. "Tulikuwa tunaongea na bwana yangu kwa kupiga kelele," aliniambia, "kama bantu benye kuwa ng'ambo ya mto. Mambo ya nyumba yote, jirani bote banasikia."

Miezi ikaenda hivyo. Siku moja akamwambia mke wake: "Minye niko na wimbo muzima mu kichwa, lakini mu kifua hamuna kitu. Niitie bakubwa ba sauti. Bakuye moya moya."

Wakaja, mmoja mmoja, siku mbalimbali. Kanuni ya hospitali na desturi ya maestro, kwa bahati, zilikuwa kitu kimoja.

Maneno ya wimbo si mengi. Soprano wanasema: Niko huku, nani ananiona? Alto wanasema: Mimi naona taa, lakini mlango siuoni. Tenor wanasema: Nani yuko ng'ambo, aniitike? Basse wanasema: Bwana wangu, niite kwa jina nililopewa na mama. Na mwisho sauti zote zinasema neno moja: Tuko. Mimi niliposomewa maneno hayo niliomba nisomewe tena. Ni huzuni, lakini kuna mlango mahali fulani ndani yake.

Mkubwa wa alto ni Blandine, mama muuza samaki wa soko. Aliniambia hivi kuhusu somo lake: "Alikuwa anaimba kidogo, anasimama. Anashika kifua, anakohoa. Anangojea. Kisha anaimba tena. Akiniambia nirudilie, minye nilirudilia yote kama alivyonipa, na kusimama nilisimama, juu maestro ni muntu wa kugombeza. Lakini kufika nyumbani nikajiuliza: sasa weye Blandine, utapeleka kikohozi ya mugonjwa mbele ya Mungu? Ile si heshima. Nikaunganisha maneno, nikafundisha bamama wimbo ya muzuri, yenye kunyooka."

Blandine akaziba mapengo. Kwa upendo.

Mkubwa wa basse ni papa Zéphirin, mtu wa kiwandani, mkubwa wa mwili na mpole. Naye akasema: "Maestro akisimama, minye naangalia chini. Muntu mukubwa akikosa pumuzi, haumuangalie mu macho. Na kile ambacho haukuangalia, hauwezi kukiimba." Zéphirin naye akaziba mapengo. Soprano wakaziba. Tenor wakaziba. Kila mmoja wao alifikiri kwamba ni siku yake tu ndiyo maestro alikuwa amezidiwa. Na hakuna aliyemwambia mwenzake, maana nani atasimama katikati ya korali aanze kuhesabu jinsi baba wa watu alivyokohoa? Sisi hatufanyi hivyo. Ugonjwa wa mtu ni siri, hata kama mji mzima unaujua.

Siku ya kuchanganya ikafika. Maestro hayupo. Aliyesimama mbele ni msaidizi wake, Adolphe, mwalimu wa shule, kijana mwenye bidii. Akainua mikono, wakaanza. Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa soko la Kikula siku ya Jumamosi! Wote wanasema niko huku, niko huku, kwa pamoja, hakuna anayemsikia mwenzake. Basse walifika mwisho wakati soprano bado wako katikati. Zéphirin akasimama na neno lake la mwisho mdomoni, hajui ampe nani. Wakarudia mara nyingi, ikawa vile vile.

Wakatazamana. Na kila mmoja, kimya kimya, akafikiri jambo lile lile: ugonjwa umepanda kichwani kwa maestro. Wimbo hauna akili. Blandine alilia siku ile, na hakusema kwa nini.

Adolphe akaupeleka nyumbani, akautengeneza. Akarefusha hapa, akarudisha hapa, akafanya sauti zote nne zianze pamoja na zimalize pamoja. Ukawa wimbo mzuri, siwadanganyi. Niliusikia. Padri mwenyewe alitikisa kichwa kwa furaha.

Jumapili moja wakaomba ruhusa, wakaenda kuuimba kwenye uzio. Walivaa sare. Séraphin akatolewa na kiti chake. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Wakamwimbia wimbo wake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Munakimbia wapi, bana bangu?"

Adolphe akafikiri wameimba haraka. Akawarudisha, pole pole safari hii. Séraphin akasikiliza tena, akapiga makofi, akasema aksanti sana. Blandine akashika waya akapaza sauti: "Maestro, iko sawa?" Akajibu: "Iko." Akageuza kiti, akaingia ndani.

Sasa ndugu zangu, nisaidieni. Huyu ni mtu aliyemrudisha bibi harusi mlangoni kwa sababu ya noti moja ya tenor. Wimbo wake umebadilishwa kuanzia kichwani hadi miguuni, na yeye anasema iko. Kwa nini? Alichoka? Alikubali? Aliwahurumia, kama wao walivyomhurumia? Nimeuliza watu, na kila mtu ananijibu tofauti na mwenzake.

Siku hiyo hiyo alimwambia mke wake jambo moja. Mama Bibiane ananukuu: "Aliniambia: baliimba muzuri, lakini bote balikuwa pamoja. Basi minye nikafurahi. Nikasema aksanti Mungu, leo bwana yangu alishaona bantu bote pamoja. Nilifikiri anafurahi. Mpaka leo, papa Dominique, siyue kama alikuwa anafurahi."

Siku chache baadaye Séraphin Kanyinda akafariki.

Kilio kikawekwa nyumbani kwake Kikula. Hema likafungwa, viti vikapangwa, watu wakaja. Mnajua desturi yetu: kwenye kilio, mjukuu ana ruhusa ya kumwigiza marehemu. Anavaa koti lake, anatembea kama yeye, anagombeza watu kama yeye, na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Mjukuu wa ukoo siku ile alikuwa Steve, yule wa pikipiki ya kubeba watu. Mtundu, mdomo haufungi. Steve ndiye aliyempeleka Blandine kwenye uzio siku ya somo lake, akamngoja kando, akasikia kila kitu.

Mchana, watu wanakula, Steve akatokea na koti la marehemu na miwani ya kuchomelea. Akavuta kiti. "Blandine! Unaimba kama mulango ya mukubwa wa mtaa!" Watu wakaanza kucheka. Akaanza kumfundisha Blandine wimbo, sauti ya maestro kabisa. Anaimba kidogo, anasimama, anakohoa kho kho kho, anashika kifua, anangoja. Watu wanacheka mpaka machozi. Mama Bibiane mwenyewe anacheka na kitenge mdomoni.

Kwenye pengo la pili, Steve akiwa anakohoa, papa Zéphirin akaimba. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Hakukusudia. Ilimtoka tu, kama mtu anavyoitika jina lake: Bwana wangu, niite. Maneno yale yakaingia ndani ya pengo la alto na kulijaza. Hayakuzidi, hayakupungua. Halafu yeye akasimama, pale alipofundishwa kusimama, na hapo hapo Steve akaendelea na alto.

Vicheko vikapungua. Steve akaangalia huku na huku. "Nilifanya nini?" akauliza.

Blandine akamshika Zéphirin mkono. "Kwa weye pia maestro alikuwa anasimama?" Mkubwa wa soprano akasema, na mimi pia. Mkubwa wa tenor akasema, na mimi. Wakasogeza viti. Wakaimba wanne, kila mmoja kama alivyofundishwa kwenye uzio, pamoja na mapengo yote. Mmoja anauliza nani ananiona, wengine kimya. Anangoja. Kutoka mbali mwingine anasema mimi naona taa. Hawagongani. Hawakutani. Lakini kila mmoja anajibiwa, na hajui ni nani aliyemjibu. Adolphe alikuwa amesimama na sahani yake ya wali, na wali ulikuwa unamwagika.

Bado kukabaki pengo moja. Karibu na mwisho, kabla ya lile neno Tuko, wote wanne walikuwa wamefundishwa kusimama. Hapo hapakuwa na sauti ya mtu. Wakalirudia, wakatafuta. Hakuna.

Na hapo ugomvi ukaanza, ugomvi wa kilio, wa kunong'ona. Adolphe akasema: ndio huo wimbo wake, tumeuharibu, kesho tuuimbe hivi. Zéphirin akakataa. "Alikuwa anakohoa kweli! Minye niliona damu mu mushwari, mu kitambaa yake. Kama ile yote ni kikohozi, kesho tutaimba ugonjwa yake juu ya sanduku, mbele ya batoto." Blandine akasema, kama si kikohozi, basi kesho tutaufunika wimbo wake pamoja naye. Na lile pengo la mwisho? Ni lake mwenyewe, alitaka kuimba yeye? Au siku zile alifika pale akaishiwa pumzi, basi?

Wakaenda kumwuliza mjane. Aamue yeye. Mama Bibiane akawatazama kama watu walioingia nyumba isiyo yao. "Munaniuliza minye? Minye najua solfège, mambo ya noti? Minye najua sombe. Alikuwa anaimba na alikuwa anakohoa, yote mbili, kila siku. Minye sikutenganishaka."

Mimi pia sikuweza kutenganisha, wasikilizaji wapendwa. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko mtu aliyebeba gunia.

Kesho yake, misa ya maziko. Kanisa limejaa mpaka nje. Wapo hata waimbaji waliotoka Mulungwishi, ambao si wa kanisa letu lakini walimheshimu. Sanduku liko mbele. Adolphe akasimama mbele ya korali, na kutoka nyuma nilikuwa naona shati lake limelowa. Akawaambia jambo kwa sauti ndogo. Wakaanza, na mapengo.

Watu hawakuelewa. Pengo la kwanza, mtu nyuma yangu akasema, wamesahau. Pengo la pili, watu wakageuka kutazamana. Mimi mwenyewe nilikuwa najua, na bado nikamtazama Adolphe. Halafu sauti zikaanza kujibiana, moja huku, moja kule, na kanisa likatulia polepole.

Wakafika kwenye lile pengo lisilo na mtu. Mikono ya Adolphe ikabaki juu. Hakuna aliyejua ni refu kiasi gani, maana aliyejua alikuwa ndani ya sanduku. Korali wamefungua midomo. Nikaona Adolphe anataka kuishusha mikono, anataka kumaliza, maana ukimya ule ulikuwa unaumiza. Padri akainua macho.

Na mama Bibiane, pale kwenye benchi la mbele, akasema kwa sauti kubwa, ile aliyokuwa anaitumia kwenye uzio:

"Mumungoje. Arudishe pumuzi kwanza."

Kanisa zima likangoja. Hakuna aliyekohoa. Nasema kweli, hata watoto. Tulikaa hivyo mpaka mama yule akavuta pumzi mwenyewe, akaitikia kwa kichwa, akasema: "Haya."

Ndipo Adolphe akashusha mikono, na korali wakasema: Tuko.

Nimewaambia tangu mwanzo kwamba sijui niishie wapi. Wimbo ule sijui ni wimbo au ni ugonjwa. Adolphe anasema ni wimbo. Zéphirin bado anakataa, ingawa aliuimba akilia. Sijui kwa nini maestro alisema iko. Nimeumia, na nimefarijika, na sijui kipi kimetangulia.

Kwa mama Bibiane, kwa watoto, kwa ukoo wote wa Kanyinda ulio hapa Likasi na ulio Kasai, kwa Korali Mwangaza: poleni sana. Pole yetu ni ya kweli. Mungu ampokee Séraphin, amwambie kwao ni wapi.

Na ninyi wengine, nawaomba mtafakari jambo moja. Yuko mtu kwenu aliyetengwa, kwa ugonjwa, kwa uzee, kwa ugomvi wa zamani. Akiongea nanyi anasimama simama. Na ninyi, kwa huruma, mnammalizia maneno yake. Mnamzibia pengo. Mimi nafanya hivyo na baba mkwe wangu kila Jumapili.

Sasa nitanyamaza kidogo. Fundi wetu wa mitambo, Urbain, ananikatalia kwa mkono nyuma ya kioo. Anaogopa mtafikiri umeme umekatika. Urbain, leo nisamehe. Wasikilizaji wapendwa, msigonge redio, msibadilishe kituo. Haijaharibika. Kaeni tu hapo mlipo, tumngoje.